Hospitali Inapohamia Nyumbani: Mwongozo kwa Familia za Waswahili Nchini Uingereza

Katika familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo, hospitali ni mahali ambapo mgonjwa hulazwa mpaka apone, na jamaa humfuata huko wakiwa na chakula, shuka na maneno ya faraja. Ndiyo maana kauli kwamba mgonjwa anaweza kurudi nyumbani leo, inapotolewa na daktari wa Uingereza kwa mzee ambaye bado anakohoa, huweza kusikika kama kauli ya kumfukuza. Baadhi ya jamaa hudhani kwamba kitanda kinatakiwa kwa ajili ya mtu mwingine, au kwamba mgonjwa hathaminiwi kwa sababu ni mgeni.

Kipeperushi hiki kinaeleza kwa nini huduma nyingi zilizokuwa zikitolewa hospitalini sasa hutolewa nyumbani, huduma hizo hufanyaje kazi, na mambo ambayo familia inastahili kuyajua kabla mgonjwa hajatoka wodini. Maelezo haya yanahusu England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Kwa nini huduma inahamia nyumbani

Huduma ya Afya ya Taifa, ambayo kila mtu huiita NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948. Tangu wakati huo watu wameongezewa umri, na maradhi yamebadilika. Wagonjwa wengi wa leo wana kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, na wengine wana zaidi ya maradhi mamoja kwa pamoja. Maradhi ya namna hiyo hayamalizwi kwa kulazwa mara moja. Mgonjwa huishi nayo kila siku, jikoni, kazini na kitandani kwake.

Mwezi Julai 2025 serikali ilitangaza mpango wa miaka 10 wa afya kwa England. Mpango huo una mageuzi makuu matatu: kuhamisha huduma kutoka hospitalini kwenda katika jamii, kuacha makaratasi na kutumia mifumo ya kidijitali, na kuzuia maradhi badala ya kungoja kuyatibu.

Ni kweli kwamba vitanda vya hospitali ni vichache na vina gharama kubwa, na hilo ni mojawapo ya sababu. Lakini kuna sababu inayomhusu mgonjwa mwenyewe. Mzee anayelala kitandani mchana kutwa hupoteza nguvu za misuli kwa haraka, hata katika muda wa siku chache, na aliyeingia wodini akitembea anaweza kutoka akihitaji kushikwa mkono. Wodini pia kuna hatari ya kuambukizwa maradhi mengine. Wazee wengine huchanganyikiwa usiku kwa sababu ya kelele, taa na nyuso wasizozijua. Nyumbani mgonjwa huenda chooni kwa miguu yake, hula chakula alichokizoea, na huamka akisikia lugha yake.

Jambo hili si geni kabisa. Kenya na Tanzania zina wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba, na huduma za wagonjwa majumbani zilisaidia watu wengi katika miaka migumu ya UKIMWI. Tofauti iliyopo Uingereza ni kwamba nyumba inaweza sasa kupokea hata sehemu ya matibabu ambayo zamani yalihitaji wodi.

Huduma zinazoweza kufika nyumbani

Wodi pepe, ambayo pia huitwa hospitali nyumbani. Hii ni kwa mgonjwa ambaye angelazwa, au angeendelea kulazwa, lakini hali yake inaruhusu atibiwe akiwa kwake. Hupewa vifaa vya kujipima, kama vile kipima oksijeni cha kidoleni na mashine ya kupima shinikizo la damu. Vipimo hutumwa kwa simu au programu maalumu, na timu ya madaktari na wauguzi huipitia hali yake kila siku kama inavyofanywa wodini. Inapohitajika, muuguzi huja nyumbani kuchukua damu au kutoa dawa kupitia mshipa. Vifaa hivyo ni vya mkopo na hurudishwa matibabu yakiisha.

Timu ya dharura ya jamii. Mtu mzima ambaye hali yake imezorota ghafla nyumbani na yuko katika hatari ya kulazwa, kwa mfano mzee aliyeanguka bila kuumia sana, anaweza kufikiwa na timu hii ndani ya saa 2. Huombwa kupitia daktari wa familia, yaani GP, au kupitia namba 111.

Wauguzi wa jamii. Hawa huja kufunga vidonda, kuchoma sindano, kuhudumia mirija ya mkojo, na kumtuza mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho ambaye amechagua kuzimalizia kwake.

Huduma ya kurejesha uwezo. Baada ya kutoka hospitalini, mgonjwa anaweza kusaidiwa kujifunza upya kuoga, kuvaa, kupika na kupanda ngazi. Wanaostahili hupewa huduma hii bila malipo kwa muda usiozidi wiki 6.

Duka la dawa. Tangu tarehe 31 Januari 2024, mfamasia katika England anaweza kutoa dawa za maradhi saba bila mgonjwa kwenda kwanza kwa GP: maumivu ya koo, sainasi, maumivu ya sikio kwa watoto wa mwaka 1 hadi 17, maambukizi yaliyotokana na kuumwa na mdudu, mkanda wa jeshi, maambukizi ya ngozi yaitwayo impetigo, na maambukizi mepesi ya njia ya mkojo kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64.

Mfano wa familia moja

Mfano huu haumhusu mtu fulani, lakini mambo yaliyomo hutokea mara nyingi. Mama wa miaka 72 amelazwa kwa nimonia. Siku ya tatu homa imeshuka, na daktari anapendekeza aendelee na matibabu chini ya wodi pepe. Mwanawe anakasirika. Anaona kwamba mama anatolewa kabla ya kupona, na anasema hataweka sahihi popote.

Mkalimani anapoitwa, mambo mawili yanadhihirika. Kwanza, mama mwenyewe anataka kurudi, kwa sababu hajalala usiku hata mmoja tangu afike. Pili, hofu ya mwana haihusu ugonjwa peke yake. Yeye hufanya kazi ya zamu ya usiku, mkewe hutoka alfajiri, na hakuna aliyewauliza nani atakuwa nyumbani saa za asubuhi. Timu inabadilisha mpango. Vipimo vitachukuliwa saa 4 asubuhi na saa 12 jioni, wakati mmoja wao yupo. Muuguzi atapiga simu kupitia mkalimani. Namba ya dharura ya timu itabandikwa ukutani. Mama anaondoka siku inayofuata.

Hofu ya mwana ilikuwa na msingi, na ilipata jibu ilipotajwa waziwazi. Familia ina haki ya kuuliza na haki ya kusema kwamba mpango hauwezekani. Mgonjwa naye ana haki ya kukataa wodi pepe na kuomba aelezwe njia nyingine.

Maswali ya kuulizwa kabla ya kutoka wodini

Hospitali ina wajibu wa kumshirikisha mgonjwa mzima atakayehitaji msaada, pamoja na mlezi wake, katika kupanga safari ya kurudi nyumbani, na kufanya hivyo mapema iwezekanavyo. Inafaa familia ipate majibu ya maswali yafuatayo, na majibu yaandikwe:

1. Ni timu gani inayobeba dhamana ya matibabu kuanzia leo, na inapatikana kwa namba gani mchana na usiku?
2. Ni vipimo gani vichukuliwe, mara ngapi kwa siku, na ni kiwango gani kikifikiwa simu ipigwe mara moja?
3. Ni dawa zipi mpya, zipi zimesimamishwa, na zipi zinaendelea?
4. Nani atakuja nyumbani, lini, na kwa kazi gani?
5. Je, nyumba ina ngazi, choo cha mbali au kitanda cha chini kinachohitaji kifaa cha msaada?
6. Huduma hii inaisha lini, na baada ya hapo mgonjwa yuko mikononi mwa nani?

Mgonjwa asiondoke bila barua ya kutoka hospitalini. Nakala hupelekwa kwa GP wake. Asiye na GP anaweza kujiandikisha bila kudaiwa pasipoti, viza wala uthibitisho wa anwani, na kuonana na GP hakulipiwi na mtu yeyote.

Lugha si kizuizi

Mgonjwa wa NHS ana haki ya kupata mkalimani wa Kiswahili bila malipo, awepo ana kwa ana au kwa simu. Haki hiyo haiishii kwenye mlango wa hospitali. Inahusu pia muuguzi anayekuja nyumbani, simu ya timu ya wodi pepe na namba 111. Mgonjwa wa Kiswahili cha Kongo na wa Kiswahili cha pwani hawatumii maneno yaleyale daima, kwa hiyo inafaa kutaja pia nchi anayotoka.

Watoto wasifanywe wakalimani wa mambo ya matibabu. Mtoto anaweza kukosea jina la dawa, na hastahili kubeba habari nzito za mzazi wake. Hata mtu mzima wa familia huweza kupunguza ukali wa habari kwa huruma, au mgonjwa akaona haya kusema mbele yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mkalimani wa hospitali amefungwa na siri, naye si jirani wala shemeji.

Kipima oksijeni na ngozi nyeusi

Jambo hili linazihusu familia za Kiafrika kwa namna ya pekee. Kipima oksijeni hupitisha mwanga kidoleni na kupima kiasi kinachopenya. Kwenye ngozi nyeusi au ya kahawia, kifaa kinaweza kuonyesha kiwango kilicho juu kuliko kiwango halisi. Maana yake ni kwamba namba nzuri haitoshi peke yake kumwondolea mgonjwa wasiwasi.

Kifaa hicho bado kina faida na hakipaswi kuachwa. Lililo muhimu ni kutazama mabadiliko: kama namba ya mgonjwa inashuka siku hadi siku, hiyo ni habari ya kuambiwa timu. Watu wengi wenye mapafu mazima huwa na asilimia 95 hadi 100, lakini mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kuwekewa kiwango chake. Na ikiwa mgonjwa anahema kwa shida ilhali namba inaonekana nzuri, isaidikiwe hali ya mgonjwa kuliko namba. Simu ipigwe.

Kabla ya kupima, mkono uwe na joto na mgonjwa awe ametulia kwa dakika chache. Rangi ya kucha iondolewe. Hina nyeusi na piko kwenye kidole pia huweza kuharibu kipimo, kwa hiyo kitumike kidole kisichopakwa, na muuguzi aambiwe.

Usalama wa nyumba

Mgonjwa akitumia mashine ya oksijeni, moto huwaka kwa urahisi na kwa kasi kubwa zaidi. Sigara, mishumaa, jiko la gesi, na vilevile chetezo cha udi au ubani, vikae mbali na mgonjwa kwa angalau mita 3, na ni bora zaidi kutofukiza kabisa ndani ya nyumba hiyo. Mafuta ya mgando yasipakwe usoni wala puani kwa mtu anayetumia oksijeni. Muuguzi ataeleza mafuta yanayofaa.

Timu iambiwe kuhusu dawa zote, zikiwemo zilizoletwa kutoka nyumbani Afrika na dawa za mitishamba. Nyingine hugongana na dawa za moyo, za kisukari au za kuzuia damu kuganda. Mgonjwa anayetaka kufunga Ramadhani, au kwaresima ya kutokula, azungumze na timu mapema ili saa za dawa zipangwe. Asiache wala kusogeza dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Wauguzi wanaokuja nyumbani hubeba kitambulisho, na familia ina haki ya kukiomba kabla ya kufungua mlango. Hawaombi fedha taslimu wala namba ya siri ya benki. Mgonjwa anaweza kuomba ahudumiwe na muuguzi wa kike au wa kiume, na timu itajitahidi ingawa haitaweza kila siku. Familia isiyoingia na viatu ndani iseme tu. Wahudumu wengi hukubali kufunika viatu vyao.

Mlezi naye ana mwili

Katika nyumba nyingi, kumhudumia mzee huonekana kuwa wajibu usiohitaji jina. Binti au mkaza mwana huamka usiku, huinua mgonjwa, hufua, kisha huenda kazini, wala hajiiti mlezi. Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 humwita hivyo. Inampa mlezi mtu mzima haki ya kufanyiwa tathmini na halmashauri ya eneo, ambayo wengi huiita kaunsili, ili ijulikane anahitaji msaada gani, hata kama mgonjwa mwenyewe hataki msaada. Tathmini hiyo hailipiwi. Inaweza kuleta mapumziko, mafunzo ya kumwinua mgonjwa bila kuumiza mgongo, au vifaa vya bafuni.

Kuomba tathmini si kumkana mzazi. Mlezi akianguka, wagonjwa watakuwa wawili.

Kuhusu malipo

Matibabu ya NHS kwa wakazi wa kawaida hayalipiwi, yawe wodini au nyumbani. Wakimbizi, waombaji hifadhi na waliolipa ada ya afya pamoja na viza nao hawatozwi matibabu ya hospitali. Watu wengine wasio wakazi huweza kutozwa, hata kwa huduma ya hospitali inayofika nyumbani, kwa hiyo ni vyema kuuliza mapema na kutafuta ushauri. Kupiga simu 999, kubebwa na gari la wagonjwa na kuhudumiwa katika kitengo cha dharura hakulipiwi na yeyote. Hofu ya malipo isimcheleweshe mtu aliye hatarini.

Matunzo ya muda mrefu, kama mtu wa kuja kila siku kumwogesha mgonjwa, hayako chini ya NHS kwa kawaida. Hutolewa na halmashauri, nayo hukagua kipato na mali kabla ya kuamua nani alipe kiasi gani. Posho ya fedha ya mlezi inahesabiwa kuwa fedha za umma. Mwenye viza inayozuia fedha hizo apate ushauri wa uhamiaji kabla ya kuiomba. Tathmini ya mlezi haihesabiwi hivyo.

Wakati wa kutongoja

Simu ipigwe 999 mara moja ikiwa mgonjwa:

- ana maumivu makali ya kifua, au hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi;
- uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, au maneno yanatatizika, kwani hizo ni dalili za kiharusi;
- amechanganyikiwa ghafla, au ni vigumu kumwamsha;
- ngozi, midomo au ulimi umegeuka kuwa buluu, kijivu au umepauka. Kwa mwenye ngozi nyeusi, mabadiliko hayo huonekana kwa urahisi zaidi viganjani na nyayoni;
- anatoka damu isiyokoma.

Kwa hali isiyo ya kutishia uhai, ipigwe simu kwa timu ya wodi pepe au 111, ambayo hufanya kazi usiku na mchana. Mpigaji akitamka neno "Swahili" na kutaja namba yake ya simu, anaweza kuunganishwa na mkalimani.

Karatasi ya kando ya kitanda

Kurudi nyumbani si kutelekezwa, mradi nyumba ijue ni nani anayeendelea kumwangalia mgonjwa. Kwa hiyo kila familia iandike karatasi moja na kuibandika mahali ambapo kila mtu huiona, hata mgeni aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Iwe na mambo manne: jina la timu inayohusika na namba yake; vipimo na saa zake; kiwango au dalili inayodai simu; na jina la jamaa atakayepigiwa kwanza. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili hata mhudumu wa gari la wagonjwa aisome akifika usiku.